Ufunguo Uliobaki Mfukoni mwa Yahya

Mimi si mtu wa kuzua, na umri huu nizue ili iweje? Haya yamenifika mwenyewe, hapa mtaani kwetu Hamriya, mchana kweupe.

Mjukuu wangu Yahya anafanya kazi kiwanda cha mafuta. Nimemlea mimi, mama yake alipofariki; sina mwengine. Ijumaa hiyo alikuja kusali, akabadili ovaroli iliyochafuka, akarudi kazini mbio. Nikaichukua ovaroli nikaifue. Mlango ukagongwa.

Mwanamme, kavaa ovaroli kuukuu, kidole cha shahada hana. Joto lile, hata tone la jasho.

"Bibi, nnafuata ufunguo."

"Ufunguo gani, baba? Hapa si duka la fundi."

"Ulio mfukoni. Yahya kainyamazisha kwa ufunguo huo kengele ya tangi, ile inayolia likikaribia kujaa, ili itengenezwe. Hakuandika daftarini, hakumwambia mtu. Fundi kamaliza, tangi linajazwa, na kengele bado bubu."

Nikatia mkono mfukoni mwa ovaroli. Ufunguo mdogo, una kadi nyekundu imeandikwa: kengele imezimwa.

"Na wewe nani?"

"Mimi wangu nilikwenda nao nyumbani."

Kuinua uso, hayupo. Sakafuni nyayo za mafuta, za kuingia tu. Za kutoka hakuna.

Nikampigia Yahya simu. Ikaita, ikaita. Simu zao huziacha getini, nalijua hilo, na bado nikapiga. Ungefanya nini wewe? Mimi nisiyetoka bila ya buibui nikatoka na kanga za jikoni, nikakamata teksi. Njia nzima natazama mbele, moshi umeshapanda au bado. Nikasema, Mola, nichukue mimi.

Mlinzi akataka kitambulisho. Nikamtia ufunguo mkononi. "Soma hiyo kadi, mwanangu. Mimi baadae."

Akaisoma, akaita ndani. Pampu ikazimwa. Mafuta yalibakisha shibiri kufika ukingoni, na Yahya yuko chini ya tangi, anafagia.

Msimamizi wake aliponisikiliza aliuliza, "Kidole cha shahada hana?" Akakaa chini. Mtu huyo walimzika wao wenyewe, zamani, tangi jengine lilipowaka. Ufunguo wa kengele ulikutwa nyumbani kwake, mfukoni mwa kanzu.

Nyayo nimezisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, hazitoki. Yahya hapiti mlangoni mpaka nimkague mifuko, mtu mzima na ndevu zake.

Basi wewe unayenyamazisha kengele, andika daftarini, tundika kadi, mwambie anayekupokea zamu. Kazi ikisha, irudishe kengele na ufunguo kabla hujavua viatu. Usipofanya, yule asiye na kidole atakuja kuufuata, na si kila nyumba ina bibi anayefua.