Shangazi Ndani ya Sanduku la Mafuriko

Katika mafunzo yake kazini, binti alikuwa amejifunza jambo moja kwa uhakika: kupiga chafya bila kupeperusha karatasi. Chumba cha nyaraka cha shirika la misaada kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na kila mfanyakazi aliyechungulia alimpa pole kama mfiwa.

Siku hiyo alipanga picha za zamani. Alipofungua sanduku la picha za mafuriko, aliyemtazama humo, mashavu yamelowa, alikuwa shangazi yake. Bado kijana, shingo imenyooka. Binti hakuwahi kumjua hivyo. Nyuma ya picha pameandikwa: "Mama aliyepoteza kila kitu." Mkuu wa nyaraka alikuwa ameibandikia agizo: ichapishwe kubwa, itundikwe getini siku ya maadhimisho.

Jioni alimwonyesha shangazi picha hiyo na maandishi yake kwenye simu, akamweleza na habari ya getini. Shangazi alivaa miwani, akaguna.

"Nimepoteza nini mimi? Nilikuwa mpishi wao! Hapo nakata gunia la vitunguu, kijana wa kamera ananiambia, mama, usifute macho."

"Hukumkatalia?"

"Nilimwambia asogee, ananikanyagia karoti. Sasa mwanangu, wewe umo humo ndani halafu mimi nitundikwe getini kama ombaomba? Kikundi changu chote kinapita njia ile!"

Asubuhi binti alimwendea mkuu wa nyaraka, mzee aliyepandisha suruali hadi mbavuni, na ambaye bila sahihi yake chuo kisingempa binti cheti.

"Bosi, huyu ni shangazi yangu. Alikuwa mpishi wenu."

"Picha hii imetuletea wafadhili wengi, binti."

"Basi wamefadhili vitunguu."

Mkuu alikohoa kuficha kicheko, kikamponyoka, akakikasirikia. "Maelezo ya nyaraka hayafutwi!"

"Sifuti, bosi. Naongeza chini yake."

Akaandika palepale: "Marekebisho: mpishi wa shirika akikata vitunguu."

Mkuu alisoma, akasoma tena. Hakuna mfadhili wa kulilia hilo. Akaagiza getini itundikwe picha ya tanki la maji, ambalo halina mpwa ofisini. Fomu ya mafunzo ya binti aliitia sahihi, ila penye "utii" akaandika "hafifu".

Siku ya maadhimisho shangazi alipita getini makusudi, amevaa kitenge kipya. Alirudi amenuna.

"Si wangenitundika tu, waandike mpishi! Yaani tanki limenishinda uzuri?"