Kobe Niliowafungua Glenwood

Miaka ile baada ya Kombe la Dunia nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni ya Wakongo katikati ya Durban, na kila baada ya miezi michache nilipanga foleni kuongezewa kibali cha ukimbizi. Nikikipata, sikutoa shukrani kanisani kama wenzangu. Nilipanda teksi hadi Isipingo, kwa jamaa wa kwetu aliyeuza mizizi ya dawa pembeni mwa stendi, nikanunua kobe wote aliokuwa nao na kwenda kuwaachia kwenye kichaka cha Glenwood, karibu na chumba nilichopanga.

Niliona nimefungua wafungwa. Walikuwa kobe wa porini, wenye bawaba upande wa nyuma wa gamba. Ukiwagusa hujifungia ndani kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni. Kila mmoja nilimpaka nukta ya rangi ya kucha mgongoni, nikamwombea. Tenda wema nenda zako, nami nikaenda zangu.

Asubuhi moja mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu aliyependa wadudu kuliko watu, aliniita barabarani. Kobe alikuwa amepondwa na gari, nukta yangu nyekundu bado inaonekana. Mzee akanieleza kwamba kobe wa aina hiyo huishi maisha yake yote kwenye kipande kimoja cha ardhi, na ukimhamisha hatulii. Hutembea akitafuta kwao mpaka afe. Nilimjibu kwa hasira kwamba kwa yule muuzaji wangechinjwa. Kisha nikaingia chumbani nikalia, maana kutafuta kwetu nakujua.

Jumamosi nilikwenda Isipingo kumkemea muuzaji aache kuwatoa porini. Hakubisha. Alinipa kiti, akauliza kama kibali kimetoka, kisha akaniomba radhi.

"Mama, kobe bameisha. Kule kwa kilima kwenye nilikuwa nabaokota nimetafuta wiki mbili, iko mawe tu. Hata batoto hakuna."

Nikamuuliza kwa kejeli wateja wake wengine atawaambia nini. Akanitazama kwa mshangao.

"Wateja gani? Mie nilikuwa nauzisha mizizi. Yule wa kwanza nilimuokota njiani tu, ukamununua. Ndiyo nikaanza kubatafuta, juu ya wewe kununua."

Nilibaki kwenye kile kiti mpaka akafunga biashara yake. Kilima kizima nilikimaliza mimi, kwa kushukuru.