Treni Isiyo na Gadi

Mjomba wangu Zebedayo hakuwahi kuondoka mahali bila kutazama nyuma. Akitoka kanisani, akitoka dukani, hata akitoka msalani, alisimama kizingitini, akageuza shingo upande wa kulia, akatazama kule alikotoka, ndipo akaenda zake. Watoto wa mtaa wetu wa Nguvumali walimwiga barabarani wakicheka. Yeye hakuona la kuchekesha. Alikuwa dereva wa treni, na katika treni zetu dereva haondoki stesheni mpaka ageuke amwone gadi, kule behewa la mwisho, akipunga bendera ya kijani. Taa ya mbele inamwambia njia nyeupe. Bendera ya nyuma inamwambia watu wameshapanda.

Kisha treni ya abiria ikaacha kuja Tanga, na wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwamo. Walimwacha akae kwa muda katika nyumba ya reli, lakini habari zikaenea kwamba nyumba nazo zitauzwa. Mkewe, Mama Benedikta, alikuwa na shamba la urithi Maramba. Alitaka wahamie huko kabla ya kufukuzwa.

"Maramba kuna nini?" mjomba aliuliza siku moja mbele yangu.

"Kuna chakula."

"Hakuna reli."

"Na hapa ipo? Hebu niambie, Baba Benedikta, honi umeisikia lini?"

Mjomba akatazama dirishani. Nyuma ya nyumba yao majani yalikuwa yameshafunika mataruma yanayobeba reli.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye chumba kimoja cha kupanga kule Usagara. Mchana mmoja akaja amevaa shati lake la kazi, limepigwa pasi likanyooka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo nimekuja shule."

Akaeleza. Kampuni moja ya wageni ilikuwa inatafuta madereva wa treni za mizigo. Usaili ulikuwa Dar es Salaam, na mtihani wa kwanza ulifanywa kwenye kompyuta. Anayeshindwa hapo, injini yenyewe haioni. "Nikipata hii," alisema, "Mama Benedikta atakwenda Maramba likizo tu."

Mwenzangu Robert alikuwa na mchezo wa kuendesha treni. Tukauweka kwenye mashine iliyokuwa karibu na dirisha. Nikamwonyesha jinsi ya kuchagua njia, kuchagua treni, kisha kitufe cha kulegeza breki, cha kwenda mbele na cha kuongeza nguvu. Mjomba alibonyeza kila kimoja kama anapigilia msumari. Kwenye kioo ikatokea stesheni ya Ulaya, milima imejaa theluji, hakuna mtu hata mmoja.

"Mbona kiti hakitikisiki?" alilalamika. "Mimi mwendo naujua kwa makalio."

Ernesti, kijana aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kuchapiwa barua ya kuomba kazi, akacheka mpaka akakohoa.

Taa ikawa ya kijani. Mjomba hakubonyeza kitu. Akageuza shingo kulia, akatazama nyuma, akabaki hivyo.

"Mzee," Ernesti akasema, "Moshi tutafika kweli?"

"Tulia, abiria. Gadi hajatoa bendera."

"Mjomba, hii treni haina gadi," nikamwambia.

"Nani anatazama nyuma?"

"Hakuna. Ni mitambo tu."

Akaitazama ile theluji kwa muda mrefu. "Kumbe mtu yuko peke yake humu," akasema.

Tuliendelea hivyo alasiri nyingi. Taa ilipobadilika, shingo yake iligeuka kabla mkono haujafika kwenye kitufe. Nilimwomba akaze macho mbele. Nilisogeza kabati upande wake wa kulia ili akigeuka aone mbao tupu. Alizitazama mbao, akazisubiri. Wakati mwingine alijipiga kofi dogo shavuni, akaanza upya, na mimi nikajifanya kusahihisha kazi za wanafunzi ili asijue kwamba ninamwona.

Halafu siku moja taa ikabadilika, naye akaondoka. Hakugeuka. Akapita stesheni ya kwanza, akaingia kwenye kona akipunguza mwendo taratibu, midomo ikitaja, kwa sauti ya chini, stesheni zake za zamani: Muheza, Korogwe, Mombo. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kwenye maji. Ndipo umeme ukakatika.

Aliendelea kubonyeza breki kwenye kioo cheusi.

"Ni mgao, Mjomba. Acha."

"Tumesimama katikati ya njia," alisema. "Hakuna anayejua tuko hapa."

Alikwenda Dar. Aliporudi alipitia kwangu kabla ya kwenda nyumbani, akaketi kwenye benchi, si mbele ya mashine. Alisema mwenyewe.

"Walinipa kiti kizuri mbele ya kompyuta. Taa ikawaka kijani. Bwana aliyesimamia mtihani akaniambia, mzee, ondoka. Nikawa natazama nyuma. Akasema tena. Vijana waliokuwa wanangoja zamu wakacheka, akawanyamazisha. Alikuwa mtu mwema."

"Lakini ulishajua, Mjomba. Hapa uliondoka."

"Nilijua, mwanangu. Hata pale nilijua kwamba hakuna gadi. Shingo ndiyo haikujua."

Hawakungoja kutolewa. Mama Benedikta alifunga vyombo, wakahamia Maramba kabla ya mvua za vuli. Nilikwenda kuwaona mara moja tu. Shamba lilikuwa jema, machungwa yameinamisha matawi, na Mama Benedikta alikuwa amenenepa na kuchangamka. Mjomba alikuwa ameketi uani, amekonda, jembe limeegemezwa ukutani bila tope. Alikuwa ameanza kuumwa kifua, ingawa hakuna aliyejua kwamba ndicho kitakachomchukua. Niliongea habari za mjini; alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine. Nikamwambia nitakaa mpaka jioni tupate kuzungumza vizuri. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanisukuma polepole kuelekea barabarani.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Huku ukilikosa gari la mchana, ndiyo umebaki."