Shikamoo ya Angani

Juzi nilipita shuleni kwetu Chuno nikauona ule waya wa antena, bado umening'inia juu ya mkorosho. Nikacheka peke yangu.

Mchana ule, nilipokuwa mwanafunzi hapo, darasa lilinuka mabibo, na redio ya Mwalimu Neema ililia kama samaki kikaangoni. Mwanaanga angepita juu yetu na chombo chake kwa dakika chache tu, tuzungumze naye kwa redio hiyo, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumuuliza swali la shule nzima, nililolikariri kwa Kiingereza: huko juu analalaje?

Sauti ikaja, nzito, ya mtu mzima.

"Shikamoo!" nikasema, nikasubiri. Kwetu, mkubwa huongei naye kabla hajakuitikia.

"Uliza, mwanangu, anaondoka!" Mwalimu alininong'oneza.

"Hajaitikia, mwalimu." Nikarudia kwa nguvu: "Shikamoo!"

Sikujua kwamba hajui Kiswahili. Nilidhani watu wazima wote wanajua. Redio ikakoroma, kisha akajitahidi kurudia alichosikia: "Shi-ka-moo."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilijiweka sawa, nikamjibu kwa upole: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Akapotea. Hadi leo sijui alilalaje, lakini aliniamkia.