Maoni Niliyoyafuta Kabla ya Wageni

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimekaa peke yangu kwenye steshenari ninayofanyia kazi hapa mtaani Ipagala, wateja hawajaanza kuja, nilifuta blogu yangu yote. Maandiko arobaini na mawili. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Ikaniuliza tena, kama mtu mzima anayekupa nafasi ya kujirudi, nikajibu ndiyo tena. Kisha nikajisikia msafi. Mwanangu, hilo ndilo kosa langu, na nimeliweka mwanzoni ili usije ukasoma mpaka katikati ukidhani nitaibuka shujaa.

Nakuita mwanangu ingawa sijatimiza miaka thelathini. Nisamehe. Kuna jambo moja tu ambalo nimelizeekea, na ndilo hili. Kwa mengine yote bado natetemeka kama wewe.

Kublogu nilijifunza mwenyewe, kati ya mteja wa barua ya maombi ya kazi na mteja wa fotokopi. Kiingereza nacho nilijifunza hivyo hivyo. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa wake: hajui ni lini amejua. Sentensi moja nilikuwa naiandika mara tisa, naiwekea nukta, naiondoa, narudi ya kwanza. Niliandika kwa Kiswahili habari za huku kwetu: namna mama alivyokuwa akianika mlenda juu ya bati, vumbi la mwezi wa tisa, ng'ombe wanavyosimamisha magari kwenye barabara ya Kongwa. Wasomaji walikuwa wachache, tena wa kupita. Mmoja tu hakukosa hata andiko moja. Huyo alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe kule Kongwa mpaka alipostaafu. Kiswahili alijifunza ukubwani, kazini, na kukiandika alikiandika kwa kidole kimoja kwenye simu janja aliyopewa na dada yangu Neema. Hakujua nukta wala herufi kubwa. Niliwahi kuandika somo refu la namna ya kupanga picha kwenye ukurasa, na chini yake, mahali pa maoni, baba akaweka hivi: "mbukwa mwanangu nimesoma vizuri sana hapa mvua bado ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume mguu mmoja dhaifu tunaangalia salimia wenzako". Mbukwa ni salamu yetu Wagogo. Kila maoni yake yalianza hivyo, na mengi yaliishia kwa ng'ombe.

Sikuwa namjibu. Nataka uniamini ninaposema kwamba mwanzoni haikuwa dharau. Nilitaka kumwandikia jibu linalomstahili baba, nikawa nalitunga. Nilikuwa na rasimu. Asubuhi nikimaliza kuirekebisha, jioni naiona haifai. Miezi ikapita, baba anasalimia, mimi natunga.

Ndipo nikakutana na Wahindi. Siku hiyo nilikuwa natafuta picha ya uwele nikaangukia blogu ya mama mmoja wa mji wa Pune, jina lake Lata, anayepika mikate bapa ya uwele uleule tunaosongea ugali huku. Nilishtuka kama niliyemkuta ndugu kituo cha basi ugenini. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu: kwa nini unablogu, na unablogu vipi? Akajibu siku hiyohiyo. Alisema anaandika dengu zikiwa jikoni zinachemka, na zikiiva anachapisha, imalizike isimalizike, kwa sababu mama mkwe wake alipika miaka yote kwa kukadiria kwa kiganja na akafariki bila mtu kuandika hata pishi moja. Lata akanikutanisha na mzee mmoja aitwaye Raghavan, aliyestaafu kazi ya kuongoza treni kwa bendera na taa kwenye kituo kidogo, nchi kavu kama yetu.

Huyu mzee nilimwuliza maswali mengi kuliko wote. Jibu lake la kwa nini nimelikariri. "Kituo changu treni nyingi hazikusimama," aliniandikia. "Watu walinipungia mkono madirishani miaka yote, nikawapungia, sikujua jina hata la mmoja. Sasa nikiandika, wanapita na kuacha majina." Na jibu lake la namna gani: "Sianzi andiko jipya kabla sijamjibu mtu wa mwisho aliyeandika chini ya lile la zamani. Hata kama amesema salamu tu."

Nilisoma maneno hayo nikasema, ah, mzee anaandika vizuri. Nikasahihisha koma yake moja, nikayahifadhi. Sikuona kwamba amenisema mimi. Nilichokiona ni kurasa zao: picha zimenyooka, wasomaji kutoka kila pembe. Nilimpigia baba simu kumtambia kwamba siku hizi naongea na watu wa India. Akacheka. "India! Basi usiwaambie kwamba huku bado tunalala na mbuzi."

Wiki ile Mzee Raghavan akaandika: "Umetuuliza sisi vya kutosha. Sasa tuletee kiungo cha blogu yako." Nikafungua blogu yangu nikaitazama kwa macho ya kuazima. Kila andiko lilikuwa na kasoro, na chini ya kila andiko mbukwa, mvua bado, ng'ombe mwekundu. Palikuwa na maoni mapya chini ya andiko la mwisho, marefu kuliko kawaida. Sikuyasoma. Nilisema nitayasoma nikitulia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao niliuchoma moto kabisa, ili msala ukija ukute sakafu inang'aa. Jumamosi ikafika nikafanya lile nililokwambia. Jumatatu nikafungua ukurasa mpya wenye andiko moja lililonyooka, nikawatumia kiungo.

Lata alinipongeza. Mzee Raghavan alikaa siku mbili, kisha akaandika: "Ni pazuri. Lakini watu wako wapi? Mwezi uliopita nilitafuta jina lako mtandaoni nikapita kwenye ile blogu yako ya zamani, kwa msaada wa mashine ya kutafsiri. Sikukwambia, nilitaka uniletee mwenyewe. Kulikuwa na mzee wa ng'ombe mwekundu. Kila andiko nilishuka moja kwa moja chini kumtafuta yeye. Naomba uniambie, yule ndama mwenye mguu dhaifu alipona?"

Mteja akaja kutaka picha za pasipoti, nikampiga mbili zikatoka hazina kichwa. Sikujua kama ndama alipona. Mtu wa nchi ya mbali alikuwa anamwuliza mtoto wa nyumba habari za zizi la baba yake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Kongwa. Neema alinipokea kwenye uzio, hajanisalimia vizuri.

"Umemfanyia nini baba?"

"Nimefanya nini tena?"

"Siku nne anabonyeza simu, anaipeleka juani, anairudisha kivulini. Akaenda nayo mpaka kwa fundi. Anadhani umemfungia."

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anasuka kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha vizuri mno, kama anavyokaribishwa afisa. Kando yake kulikuwa na kitochi, simu yake ya zamani ya vibonye, kimefungwa kwa raba.

"Baba, simu janja iko wapi?"

"Nimemrudishia dada yako. Ile ni ya wasomi." Akavuta kamba. "Niliipeleka kwa fundi nikamwambia, huyu mwanangu amepotea humu ndani, nitafutie. Fundi akaitazama akasema, mzee, simu yako nzima. Basi nikajua."

"Ulijua nini, baba?"

"Kwamba una wageni." Alisema bila hasira, mwanangu, na hapo ndipo nilipovunjika. "Mtu akipata wageni wa heshima, haachi aliyetoka joshoni akae nao sebuleni na matope yake. Hata mimi ningefanya hivyo."

Nilimwambia hapana, si hivyo, blogu ilikuwa na makosa yangu mimi, nilitaka kuisafisha. Alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto akieleza kilichovunja mtungi. Sikuwa nasema uongo mtupu, na kwa hiyo ulikuwa uongo mbaya zaidi. Nikakimbilia swali la Mzee Raghavan, maana ndilo pekee nililokuwa nalo mkononi.

"Na yule ndama wa ng'ombe mwekundu, mguu ulipona?"

Baba akaacha kamba.

"Ndama alikufa. Mama yake naye akafuata. Niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Kulekule. Chini ya maneno yako ya mwisho. Niliandika hayo na mengine."

"Mengine yapi, baba?"

"Yamepita," akasema, akarudi kwenye kamba yake.

Nimeyatafuta hayo mengine, mwanangu. Nimesoma kila ukurasa wa msaada, nimewaandikia wenye mtambo wa blogu wakanijibu kwamba kilichofutwa kimefutwa. Lata alinisaidia kutafuta nakala zinazobaki mtandaoni, akapata kurasa mbili za zamani, na kwenye zote mbili sehemu ya maoni ilikuwa tupu. Maji yakimwagika hayazoleki. Na mimi sikuyamwaga kwa kujikwaa, niliulizwa mara mbili. Baba nimemwuliza tena mara tatu, kila mara ananiambia yamepita. Wakati mwingine nadhani aliniomba kitu. Wakati mwingine nadhani alinisalimia tu kwa kirefu. Rasimu ya jibu langu kwake bado ninayo, na ni nzuri, haina kosa hata moja.

Mzee Raghavan nilimweleza yote. Alijibu mistari miwili: anampa baba pole kwa ng'ombe na ndama, na mimi hana la kuniambia ambalo hakuwahi kuniambia.

Basi sikiliza, maana majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekwisha kuzaliwa. Ukianza kuandika, utawatamani wa mbali, na si dhambi. Wale Wahindi wawili nawashukuru mpaka leo. Lakini anayekusoma bila kukosa, anayeandika vibaya, anayezungumzia ng'ombe pale ulipozungumzia picha, huyo ndiye aliyekuja kwa ajili yako. Mjibu leo, kwa jibu baya. Salamu hujibiwa ikiwa bado ya moto. Usingoje ujue kuandika ndipo umjibu mtu, na usifute mahali ambapo mtu mwingine ameweka neno lake, hata kama umeaibika nalo, maana hapo si pako peke yako.

Mungu akupe wasomaji wachache wenye majina, akupe na ujinga wa kuwajibu kabla hujawa hodari. Akuepushe na usafi wa aina yangu.

Tangu wakati ule sijafuta kitu. Naandika kila Jumamosi na kuchapisha siku hiyohiyo, makosa yakiwemo, na huwajibu wote wanaoandika chini, hata wa matusi. Baada ya hapo humpigia baba kwenye kitochi chake na kumsomea andiko lote. Husikiliza mpaka mwisho, kisha husema, "Nimesikia." Habari za ng'ombe haniambii tena.