Vidole vya Hina Kwenye Theluji ya Doha

Mtoto ninayemlea alinusurika kukatwa vidole kwa sababu ya baridi. Doha. Mwezi wa Juni, jua linachoma mpaka soli za viatu.

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele hakuna kicheko.

Naitwa Phoebe. Mimi ni yaya wa familia moja huku Al Rayyan. Sultan ana miaka minane, dadake Maha mitano. Ilikuwa Idi, tukawapeleka kwenye ukumbi wa theluji, ule wa ndani ya jengo, baridi yake kama friza ya bucha.

Madam, mama yao, akabaki nje na kahawa yake. Mimi nikaingia na watoto.

Maha alikuwa amepakwa hina ya sikukuu, vidole vimekolea vyote. Glavu hakuzitaka, eti zinaficha hina. Nikamvalisha hivyo hivyo.

Haikupita muda, Sultan akaanza kulia mikono inamuuma. Nikaiweka kwapani mwangu ipate joto. Namtuliza, analia. Namtuliza, analia.

Brandon, mlinzi wa pale, Mkenya mwenzangu, akanicheka. "Phoebe, huyo kijana wa boss atakumaliza leo."

Nilipogeuka, Maha alikuwa amekaa kwenye barafu, kijisimu chake mkononi. Glavu amezitupa, zimejaa theluji.

"Maha, husikii baridi?"

"Ilikuwa inauma. Sasa haiumi."

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikazikung'uta zile glavu, nikamvalisha tena, nikarudi kwa Sultan.

Tulipotoka nikampa Maha juisi. Ikaanguka. Nikamwokotea, ikaanguka tena. Wala hakulia. Aliitazama tu mikono yake kama ya mtu mwingine.



Nikaangalia vidole, naona hina tu. Nikavibonyeza, vigumu. Nikageuza mkono, na pale hina ilipoishia ngozi ilikuwa nyeupe kama mshumaa. Kumbe hina ilikuwa imeficha kila kitu.

Nikaanza kumsugua. Brandon akanishika. "Wacha kwanza, Phoebe. Uliza mtu wa hospitali."

Nikampigia Chebet, rafiki yangu ambaye ni nesi.

"Usisugue, utamharibu," akasema. "Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Si moto, umesikia? Halafu mlete hosi haraka."

Nikambeba hadi kwenye sinki la karibu. Nikafungulia bomba la maji baridi, nikisema nianze polepole, nikaingiza vidole vyake. Maha kimya.

Tone likanirukia. Nikashtuka. Maji yalikuwa yanaunguza.

Aliyeishi Ghuba anajua. Kiangazi matangi yanashinda juani, na bomba la baridi ndilo linalokubabua. Yule mtoto alikuwa anaungua na hana habari.

Nikamtoa mbio. Brandon akaleta maji ya chupa, tukachanganya, nikapima kwa kiwiko changu mpaka yakawa ya uvuguvugu. Nikamrudisha.

Tukangoja. Hasemi kitu. Nikaanza kuomba kwa sauti, watu wananitazama.

Halafu Maha akapiga ukelele uliofika kila duka. Nililia kwa raha. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Kilio kikamleta Madam, akatukimbiza hospitalini. Huko daktari alisema vidole vitapona, ila ngozi itatoka, na hina yake yote. "Kwa nini hakutolewa mapema?"

Madam akaninyooshea kidole. "Huyu alizembea. Kesho anarudi kwao."

Kazi ya kumwangalia ilikuwa yangu.

Daktari akamwinamia Maha. "Habibti, mbona hukusema inauma?"

"Nilisema," Maha akajibu. "Mama alinipigia simu ya video, na bibi yumo. Akaniambia nivue glavu, bibi aone hina. Nikamwambia inauma. Akasema nivumilie, shangazi pia hajaona."

Madam alikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa shela, akalia mpaka mabega yanatikisika. Habari za kunirudisha kwetu hazikuzungumzwa tena.

Ninyi mnaolea watoto, wenu au mnaolipwa kuwalea, nawaomba kitu kimoja. Mtoto akikwambia baridi inauma, mtoe hapo hapo, picha mtapiga siku nyingine. Anayelia bado una muda naye. Akikwambia haiumi tena, mbebe ukimbie.