Rangi ya Chungwa kwenye Kitanda cha Mama

Sikugundua kwamba mama hakuuliza hata mara moja rangi ingekauka lini.

Mtu anayekusudia kukilalia kitanda chake angeuliza.

Nilikuwa nimerudi mji wetu wa Mompox kwa likizo ya Pasaka, kutoka jiji la Cartagena ninakofundisha chuo kikuu. Mama yangu, Eduvina, alinipokea na msasa mkononi.

“Kikwangue kitanda changu. Kisha ukipake rangi uipendayo wewe.”

Nilisita. Kitanda kile cha mwerezi hurithiwa na mabinti wa ukoo wetu, na mrithi hukipaka rangi yake baada ya kumzika aliyekuwa akikilalia. Kabla ya hapo hakiguswi.

“Mama, na desturi?”

“Rangi inabanduka, inaniingia kwenye nywele. Au mpaka nife ndiyo nilale pazuri?”

Nikacheka.

Tulikitoa uani. Chini ya kijani cha mama ilitokea buluu ya bibi. Mama akaipapasa.

“Huyu angeniona mshamba na kijani changu.”

“Kwani hakukiona?”

“Angekionaje, naye yuko kaburini?”

Nilichagua rangi ya chungwa. Mama aliketi kwenye kiti cha kubembea, akila jibini na kunichokoza.

“Profesa, unapaka kama unasahihisha mitihani. Legeza mkono.”

“Basi njoo upake wewe.”

“Mimi leo mgeni tu.”

Hata neno hilo lilinipita.

Nilipomaliza, alikizunguka kitanda polepole, akishika bega langu. Alikitazama muda mrefu.

“Kumbe ndivyo ulivyo,” akasema.

Mvua za Mei zilipoanza, mama mdogo Lastenia alinipigia simu. Mama alikuwa amefariki.

Nilirudi Mompox, nikakikuta kitanda chumbani, godoro halijatandikwa. Kando yake kulikuwa na kitanda kidogo cha kukunja, na shuka za mama.

“Alijua tangu Januari kwamba hatapona,” Lastenia akaniambia. “Nilimsihi akwambie. Akasema, ‘Nikimwambia atalia, hatapaka. Nami nataka kuiona rangi ya mwanangu.’”

“Mbona hakukilalia?”

“Angekilaliaje, mwanangu? Kilishakuwa chako.”

Nilikaa sakafuni. Sikuthubutu kukikalia.

Wazazi wetu huaga kwa maneno ya kila siku, nasi huyajibu kwa kicheko. Mzazi akikuomba kazi ndogo isiyo ya kawaida, muulize kwa nini, kisha umsubiri ajibu.

Siku hizi, katika ukoo wetu, mrithi hukipaka kitanda rangi yake huku mwenye kitanda akiwa bado hai, ameketi karibu.